Ramadhani 18: Tamthilia ya bure na aya ya 188



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu, natumai daku imekaa vizuri na swaumu inakwenda. Leo tuangalie jambo ambalo tangu mwezi uanze nimeulizwa mara nyingi baada ya tarawehe, na kila aliyeuliza ameuliza kwa sauti ya chini. Sisi tunaoishi huku Ujerumani, kushusha tamthilia na filamu mtandaoni bila kulipa, hukumu yake ni nini? Wengine wanauliza hivi: nikikamatwa itakuwaje?

Hayo ni maswali mawili, na matatizo yetu mengi yanaanza pale tunapoyafanya kuwa moja.

Aya ya funga kila mtu anaijua, ya 183 katika Surat Al-Baqara. Mwezi huu hakuna khatibu asiyeisoma. Maneno ya funga yanaendelea mpaka aya ya 187, yanapotajwa mambo ya usiku wa Ramadhani, uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri, na itikafu. Hapo wengi tunafunga msahafu, maana habari ya swaumu imekwisha. Lakini hebu geuza macho kidogo tu, usome ya 188. Hapo Allah anatukataza kuliana mali kwa batili, kisha anataja wale wanaozipeleka mali hizo mbele ya mahakimu ili wale fungu la mali za watu kwa dhambi, nao wanajua.

Aya hii imekaa mlango wa pili na aya za funga. Kutwa nzima unaacha mkate wako mwenyewe, maji yako mwenyewe, mke wako wa halali, vitu ambavyo hakuna anayekudai. Magharibi ikiingia unarudishiwa vyote. Kisha unaambiwa habari ya mali ya mtu mwingine, na hiyo haina magharibi yake.

Sasa tuje kwenye kukamatwa, maana ndilo linalowanyima watu usingizi, na ndilo jepesi zaidi.

Ukishusha kwa torenti, filamu haitoki sehemu moja. Imekatwa vipande vidogo vidogo, na unavipokea kutoka kwenye kompyuta za watu wengine walionavyo. Na kile kipande ulichokwisha kukipokea, programu yako inaanza kukigawa kwa wengine saa hiyo hiyo, kabla hata filamu haijamaliza kuingia. Yaani wewe unadhani umekaa kwenye kochi unapokea, kumbe umefungua duka. Sheria ya hapa inakuhesabu msambazaji. Wenye filamu wanaajiri watu wa kuingia katika kundi hilo hilo la wanaobadilishana vipande, wananakili namba ya IP na saa yake, halafu wanaiomba mahakama iruhusu kampuni ya intaneti kutoa jina na anwani ya mwenye laini. Njia hiyo imo katika sheria ya hakimiliki tangu 2008. Baada ya muda inafika barua ya wakili, ile Abmahnung ambayo baadhi yenu mnaijua kwa rangi ya bahasha: tia saini ahadi ya kutorudia, na ulipe. Mwaka 2013 sheria iliweka kikomo kwenye ada ya wakili kwa mtu binafsi, maana wapo mawakili waliokwisha kuzigeuza barua hizi kuwa biashara. Lakini fidia ya mwenye filamu inakuja juu ya ada hiyo, na jumla yake huwa mamia ya euro. Kifungu cha 106 cha sheria hiyo kinataja faini au kifungo cha hadi miaka mitatu, ingawa kwa mtu wa nyumbani kinachogonga mlango kwa kawaida ni barua, si polisi. Na jihadharini, kuna programu zinazoonekana kama ni za kutazama tu, kumbe ndani yake ni torenti. Popcorn Time iliwanasa wengi kwa namna hiyo.

"Mimi sishushi, natazama tu kwenye kisanduku." Hili nalo lina jibu lake. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Uholanzi, ya mtu aliyeuza visanduku vilivyopangwa kabisa ili vimpeleke mnunuzi kwenye tovuti zisizo na ruhusa. Mahakama ikasema kukiuza ni kuvunja haki za wenye filamu, na mtazamaji aliyekwenda huko kwa kujua hawezi kujikinga kwa kusema kwamba nakala inakaa kwenye mashine kwa muda mfupi tu.

Basi, swali la kukamatwa ndilo hilo, na mtu mwenye VPN nzuri atanijibu: mimi hawanioni. Inawezekana kweli. Lakini nawe umefunga, ndugu yangu, na kuna bomba la maji bafuni, na hakuna wakili anayeandika saa uliyoingia humo. Hujanywa. Kwa hiyo usiniambie kwamba kuonekana ndiyo kipimo chako. Kipimo kingine unacho tayari, na mwezi huu unakitumia kila siku.

Tupande treni sasa. Kutoka Freiburg mpaka Basel ni safari ya chini ya saa moja. Ukishuka uko Uswisi, na sheria ya Uswisi inamruhusu mtu kushusha filamu kwa matumizi yake ya nyumbani hata kama chanzo chenyewe hakina ruhusa. Walipoirekebisha sheria yao, marekebisho yakaanza kutumika 2020, ruhusa hiyo waliiacha. Kilichokatazwa ni kuwagawia wengine, ndiyo maana hata huko torenti ni tatizo. Uholanzi nako watu waliruhusiwa kushusha namna hiyo mpaka Aprili 2014, mahakama ya Ulaya ilipokataa. Filamu ni ile ile, kidole ni kile kile, mwenye mali ni yule yule. Je, uharamu unashuka kwenye stesheni ya mpakani?

Hapa ndipo pa kufikiri, maana ukisema "haramu kwa sababu sheria imekataza" na kuishia hapo, inabidi ukubali kwamba treni inaweza kuhalalisha. Na ukisema "sheria zao hazinihusu, mimi naangalia dini," umekosea vilevile. Kuna kamba mbili zinazokufunga, na kila moja ina fundo lake.

Kamba ya kwanza ni ahadi yako na nchi. Uliingia kwa visa au kwa kibali. Ulitia saini. Mafaqihi wetu walilijadili jambo hili zamani sana, kabla ya pasipoti. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo pwani yote kuanzia Lamu mpaka Unguja na Ngazija, amemzungumzia katika Al-Umm Muislamu anayeingia nchi ya wasio Waislamu kwa amani, yaani kwa ruhusa na usalama wao. Anasema si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao, kwa sababu usalama ukitolewa unakuwa pande zote mbili: wao wamesalimika naye, kama yeye alivyosalimika nao. Ibn Qudama wa Kihanbali katika Al-Mughni anakwenda njia hiyo hiyo. Na zingatieni kwamba wao walikuwa wakizungumzia nchi ya vita! Sasa itakuwaje nchi iliyokupa makazi, kadi ya bima ya afya, na kiti cha shule kwa mwanao?

Nalisema hili kwa sababu lipo neno linalozunguka kwa vijana wetu, na siku hizi hata kwa watu wazima: "Hiyo ni mali ya makafiri tu." Mtume (s.a.w.) usiku wa Hijra alikuwa akitafutwa auawe, na ndani ya nyumba yake kulikuwa na amana za hao hao watu wa Makka. Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, katika hatari ile, ili azirudishe kwa wenyewe. Na Mughira bin Shu'ba alipokuja kusilimu akiwa na mali aliyowachukulia wenzake wa safari aliowaua, Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake, na ile mali akajitenga nayo. Kwa hiyo anayesema "ya makafiri" aseme ameitoa wapi, maana kwa Mtume hakuitoa.

Kamba ya pili ni haki ya mwenye kazi. Hapa kuna swali la haki kabisa, na silipuuzi. Ukichukua baiskeli ya mtu, anabaki anatembea kwa miguu. Ukinakili filamu yake, filamu bado anayo. Ameibiwa nini hasa? Wapo wanazuoni, na si wadogo, hasa baadhi ya Wahanafi wa Bara Hindi katika karne iliyopita, waliosema kwamba haki tupu isiyo na kitu cha kushikika haiuzwi wala haimilikiwi kama mali. Ukishanunua kitabu ni chako, nakili ukitaka. Hoja yao ina uzito, na ina mapenzi ya elimu ndani yake.

Ila sisi wa Kishafi'i tunayo hazina nzuri hapa. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, anapoeleza ghasbu, yaani kuchukua kwa dhuluma, hakusema kutwaa mali ya mtu. Alitumia neno haki. Ni kuitwaa haki ya mwingine kwa uonevu. Wafafanuzi wake wakauliza kwa nini amechagua neno hilo, wakajibu kwamba ni ili viingie hata vitu visivyo mali, na miongoni mwa mifano yao upo wa mtu aliyeinuliwa kutoka pale alipokaa msikitini. Fikiria mfano huo usiku wa leo. Umewahi, umekaa safu ya kwanza, mtu anakuja anakuinua na kukaa yeye. Mkeka si wako, mahali si pako, mfukoni hujapungukiwa senti. Hata hivyo umedhulumiwa, na unajua umedhulumiwa.

Kwa hiyo mwaka 1988, mwezi wa Desemba, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jidda lilipokutana Kuwait katika kikao chake cha tano, halikuanza kutoka sifuri. Liliamua kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi, za jina na alama ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali katika zama zetu, na haijuzu kuzivamia. Huo ndio msimamo ninaoufuata na ndio nitakaowaambia mkiniuliza. Na hata anayeshika rai ya wale wengine bado anayo kamba ya kwanza shingoni akiwa Ujerumani.

Rudi Basel sasa. Kamba ya kwanza imelegezwa, kwa kuwa nchi yenyewe imeruhusu. Ya pili? Waswisi wanatoza ada kwenye vifaa vya kuhifadhia na fedha hiyo inakwenda kwa wenye haki, kwa hiyo kuna kitu kinamfikia. Anayeishi Basel ana nafasi ya kujadiliana na mwanachuoni wake kuhusu hilo. Hapa kwetu ada ya namna hiyo ipo pia ndani ya bei ya simu na kompyuta, na nimemsikia mtu akisema, "Basi nimeshalipa." Hapana. Hiyo ni kwa nakala ambazo sheria inakuruhusu, na nakala iliyotoka kwenye chanzo ambacho ni wazi si halali haimo. Na ile euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, iliyopangwa 2021 na inayotuuma sote, ni ya stesheni za umma. Najua inauma. Haikununulii filamu ya mtu mwingine.

Kwa wanaosema mahakama au bunge likiruhusu mambo yamekwisha, ikumbukeni hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba yeye ni binadamu, wanaogombana wanamjia, na huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake naye akamhukumia kwa anachokisikia. Atakayepewa hivyo haki ya nduguye, amekatiwa kipande cha moto. Hiyo ni hukumu iliyotoka kwa Mtume mwenyewe, na bado haimgeuzii mtu haramu kuwa halali akiwa anajua ukweli wake.

Nije kwenye lililo gumu zaidi. Mama mmoja wa hapa msikitini aliniambia hivi: "Ustadh, mimi hizo filamu za Marekani sizitaki. Nataka tamthilia ya Kiswahili, watoto wangu wasikie lugha, wajue utani wa kwetu, wajue mtu anamwamkia vipi mkubwa wake. King'amuzi cha nyumbani hakifanyi kazi huku. Nimefungua programu yao ya simu, inaniambia huduma haipatikani katika nchi yako. Pesa ninayo. Nimlipe nani?"

Mama huyu hatafuti cha bure, ametafuta mlango akaukuta umefungwa. Na ninakubaliana naye kwamba mpangilio huu wa kuigawa dunia vipande vipande, huyu auziwe na yule asiuziwe, unawakera watu waaminifu kuliko unavyowazuia wezi. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipoona kero hiyo uliweka kanuni, iliyoanza Aprili 2018, kwamba mwenye usajili wa kulipia katika nchi moja ya umoja aweze kuutumia akisafiri kwa muda nchi nyingine ya umoja. Lakini usajili wa Dar es Salaam au Mombasa haumo.

Nilimwambia kwanza atafute vizuri, kwa sababu watengenezaji wengi wa nyumbani siku hizi wanaweka kazi zao wenyewe kwenye chaneli zao za YouTube, na ukitazama pale matangazo yanawalipa. Hiyo ni halali na ni msaada kwao. Angalia tu kama chaneli ni yao kweli, si ya mjanja aliyeipandisha kazi yao.

Pili, kulipia usajili wa nyumbani na kuufungua huku kwa VPN. Hili si sawa na kisanduku, na sitaki tuyaweke kapu moja. Hapa mwenye mali analipwa. Kinachovunjwa ni sharti la mkataba, na aya ya kwanza ya Surat Al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na hadithi inajulikana kwamba Waislamu wanashikamana na masharti yao. Kwa hiyo soma sharti lenyewe, na waandikie uwaulize. Wakikubali, Alhamdulillah. Wakikataa, mimi nisingefungua. Lakini simwiti mwizi aliyelipa.

Tatu, makundi ya Telegram yanayogawa tamthilia nzima, msimu mzima, kila Ijumaa. Hapa nilimwambia hapana, na sababu kubwa ni kwamba mali hiyo ni ya watu wetu. Waliokuwa wakifuatilia Bongo Movie enzi za DVD wanakumbuka: filamu ilikuwa ikitoka asubuhi, jioni nakala zake zishafika mitaani na kwenye vibanda umiza. Sheria ya hakimiliki Tanzania Bara ilikuwepo tangu 1999, ikaja na COSOTA, na mwaka 2013 serikali ikaweka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na bado wizi ukaendelea. Sasa mtu yuko hapa Ujerumani, mwisho wa mwezi anatuma euro 100 nyumbani kwa ndugu zake, halafu usiku kwa simu ile ile anachukua bure kazi ya binti wa mtaa huo huo aliyeshika kamera, na ya kijana aliyeshona nguo za waigizaji. Studio kubwa ya ng'ambo itamlalamikia kwa barua ya wakili. Hawa wa kwetu hawana wakili Munich. Watakusubiri Siku ya Kiyama, na huko hawahitaji namba ya IP.

Na lugha ya watoto? Ni haja ya kweli, ila haijafika dharura ya kuhalalisha mali ya mtu. Bibi yao yuko WhatsApp na anao muda.

(Mtu ataniuliza: kama tamthilia yenyewe ina uchafu, mali yake ina heshima gani? Kama ni haramu kuitazama, usiitazame. Kuitazama bure hakujaisafisha.)

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Barua haiendi kwa aliyeshusha. Inakwenda kwa mwenye mkataba wa intaneti. Nani ana mkataba? Ni yule ndugu aliyekukaribisha ulipofika na begi moja, akakutandikia godoro sebuleni na kukupa nenosiri la Wi-Fi kabla hujamaliza kunywa chai. Ni mpangaji mwenzako mwanafunzi, anayesukuma mwezi kwa kazi ya ghala. Umetazama usiku mmoja, umehama, na miezi mitatu baadaye yeye anafungua bahasha. Mmekuwa wawili mliomdhulumu: mwenye filamu, na mwenyeji wako. Kama lilikupata hilo, mpigie leo.

Kwa wazazi, mahakama kuu ya shirikisho iliamua Novemba 2012, katika kesi ya mtoto wa miaka 13, kwamba mzazi aliyemfundisha mwanawe na kumkataza, na hakuwa na dalili kwamba anavunja, hahesabiwi kosa. Kwa hiyo kaeni na watoto mwezi huu, muwaeleze kwa maneno yanayoeleweka. Kila mmoja ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Kesi nyingine inanifikirisha zaidi. Wazazi wenye watoto watatu wakubwa nyumbani, laini yao ilitumika kugawa albamu ya Rihanna. Walikuwa wanajua ni mtoto gani, alishawaambia, na wakaiambia mahakama: tunajua, lakini hatumtaji. Machi 2017 mahakama hiyo hiyo ikasema hakuna anayewalazimisha kumtaja mwana wao, ila wasipomtaja watalipa wao, zaidi ya euro 3,500. Mwaka 2019 mahakama ya katiba ikaukubali uamuzi huo. Wazazi hawa si Waislamu kwa ninavyojua, wala sisifu kilichofanyika nyumbani kwao, lakini tazameni walichokataa. Hawakusema "labda ni mgeni." Hawakumsingizia jirani. Walimlinda mtoto bila uongo na gharama wakaibeba.

Nawaambia hili kwa sababu naujua ushauri unaopita kwenye makundi yetu: "Sema walikuja wageni. Sema Wi-Fi ilikuwa wazi. Taja jina la mtu aliyerudi Afrika, hawampati." Rudi kwenye aya ya 188, nusu yake ya pili, inapotaja kuzipeleka mali mbele ya mahakimu huku mnajua. Filamu ya saa mbili imekuwa ushahidi wa uongo. Ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya pili, na aliyekushauri hatakuja kukusaidia kuibeba.

Ukipata barua, usiitupe na usiogope. Usitie saini ile ahadi kama walivyoiandika wao, maana inakufunga kwa miaka mingi. Nenda Verbraucherzentrale au kwa wakili wako, uone kama dai ni la kweli na kama kiasi ni cha haki. Kupunguza dai lililozidi si dhambi, na kama hukufanya, sema hukufanya. Kama ulifanya, tetea haki yako bila kusema uongo.

Na yaliyokwisha kupita? Toba ya haki za watu ina sharti la ziada, kurudisha. Wengi wanakwama hapa, eti nitairudishaje filamu Hollywood. Futa ulizonazo, pamoja na zile za kwenye fleshi ulizopanga kumpa shemeji. Zile unazozikumbuka na zinauzwa, zinunue hata kama hutazitazama tena, au lipia usajili wa huduma inayozionyesha. Za watu wa nyumbani, wengi wana kurasa zao na namba za kulipia, unaweza kumtumia mtu haki yake bila hata kumweleza sababu. Usiyemfikia kabisa, toa sadaka kwa niaba yake. Nimeulizwa kama sadaka peke yake inatosha hata kwa anayefikika, kwa kuwa kumi la mwisho linakaribia na sadaka ina malipo makubwa. Haitoshi. Deni la mtu analipwa mtu.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia zakatul-fitri, kwa kuwa wengi mmeuliza kama inajuzu kuituma nyumbani kabla ya Idi. Watakaoleta vyakula vya futari ya Jumamosi wamwone Bi. mkuu wa jikoni leo baada ya tarawehe, na tafadhali mwaka huu sambusa zisizidi ndoo tatu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.